Kilomita 98 za faiba, mwanga upo, makosa hayaishi: koili ya DCF, greting, EDC au koherenti?

FundiChake
Assalam alaykum wanajukwaa. Nahudumia kiungo cha 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) kutoka Chake Chake kinachovuka bahari. Njia ya zamani ilikuwa kilomita 82 na haikuwahi kunisumbua. Mkongo ulipokatika tukahamishiwa njia nyengine, sasa ni kilomita 98. Tangu siku hiyo makosa ya CRC, yaani data inayofika imeharibika, yanapanda usiku na mchana. Mwanga unatoka na +2 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), unafika na −21. Karatasi ya moduli (kifaa cha kutuma na kupokea mwanga), ile ZR ya kilomita 80, inasema kipokezi kinavumilia mpaka −24. Nguvu ninayo, sasa tabu iko wapi? Konekta nimezisafisha mpaka kalamu ya kusafishia imekwisha. Wenzangu wananitajia vitu vinne: koili ya DCF, greting, EDC na moduli za koherenti. Nani keshavitumia?

Yakhe_Wete
Bandika amplifaya, ulale.

BintiMbweni
Yakhe, amplifaya itamkuzia ishara pamoja na uchafu wake. Huyu hana njaa ya mwanga, ana mtawanyiko, yaani mwanga unatapakaa njiani.

Faiba ya kawaida, G.652, kwenye nanomita 1550 hutawanya kama pikosekunde 17 kwa kila nanomita kwa kila kilomita. Zidisha kwa 82 upate 1,394. Zidisha kwa 98 upate 1,666. Moduli nyingi za ZR mwisho wao ni 1,600. Kwa hiyo zile kilomita 16 za ziada ndizo zilizomvusha mstari.

Leza haitoi rangi moja tupu. Inatoa ukanda mwembamba, na kila rangi ina mwendo wake ndani ya kioo. Ni kama ngalawa za mashindano: zinaondoka safu moja, zinafika zimepishana. Biti moja ya 10G ina pikosekunde 100 tu. Mkia wake ukirefuka inaingia kwenye nafasi ya jirani, na kipokezi hakijui tena hii sifuri au moja. Ukipandisha kasi mara kumi, uvumilivu unashuka mara mia, ndiyo maana kiungo cha 1G kwenye faiba hiyo hiyo kisingesikia chochote.

FundiChake, kabla hujanunua kitu fanya hivi. Chukua moduli zako mbili uziweke mezani, unganisha kwa kamba ya mita moja, weka atenueta (kipunguza mwanga) mpaka mwanga ufike −21 ule ule. Tafadhali usiunganishe bila atenueta, APD, kipokezi cha hizi ZR, haitaki zaidi ya −7 na utaiunguza. Ikikaa usiku kucha bila kosa, ujue si nguvu.

FundiChake
Nimefanya, Bi. Tangu isha mpaka alfajiri, kosa hata moja. Nikairudisha kwenye njia ya bahari, kabla chai haijapoa kaunta imeshaanza kutembea. Haya, nimekubali, ni mtawanyiko. Sasa dawa ipi?

BintiMbweni
DCF kwanza, kwa kuwa ndiyo kongwe. Ni koili ya faiba yenye mtawanyiko hasi, inarudisha nyuma kilichotangulia. Haina umeme, haina programu, inafanya kazi kwa rangi zote za DWDM (rangi nyingi ndani ya faiba moja) kwa pamoja. Ubaya wake inakula mwanga: koili ya kufidia kilomita 60 inaweza kuondoka na desibeli 5 au zaidi. Wewe una akiba ya desibeli 3 tu, toka −21 mpaka −24, kwa hiyo koili peke yake itakuua. Na hiyo koili ni faiba ya kweli, kilomita kadhaa zimeviringwa sandukuni, inaongeza na ucheleweshaji.

Greting ni kipande kifupi cha faiba kilichochorwa vimilia ambavyo nafasi zake zinabadilika polepole. Rangi moja inarudishwa mwanzoni, nyengine inaachwa iende mbali kidogo ndipo irudi. Inakula kama desibeli 3 na ucheleweshaji wake hata hauonekani. Ila zipo za chaneli maalumu, usije ukaagiza isiyolingana na rangi ya leza yako. Mimi ningekuwa wewe ningechukua hii.

Yakhe_Wete
Na EDC? Mie nasikia ni chipu tu, huna haja ya koili wala masanduku.

MaalimFaiba
Yakhe, EDC, chipu ya kusahihisha ishara ikishapokelewa, ni nzuri ila ina dari. Fotodayodi ya kipokezi inapima ukali wa mwanga basi, fezi (hatua ya wimbi) inapotea pale pale. Upotovu uliokuwa mnyoofu ndani ya faiba ukishapita hapo unakuwa umepinda, na chujio za FFE na DFE zinahangaika kuunyoosha. MLSE inafanya vizuri zaidi kwa sababu inapima mfuatano mzima wa biti na kuchagua ulio karibu na ukweli, lakini nayo inachoka mtawanyiko ukizidi. Tena moduli za ZR kwa kawaida zinakata ishara kuwa sifuri na moja kabla ya kuipeleka kwenye swichi. Ishara ikishakatwa, chipu ya swichi haina cha kurekebisha. Kwa hiyo EDC huipachiki baadaye, inabidi ije ndani ya kifaa chenyewe cha kupokelea (transponda).

Koherenti ndiyo iliyomaliza mjadala huu kwenye njia kubwa. Kipokezi kinachanganya mwanga na leza yake chenyewe, kinapata ukali, fezi na polaraizesheni (upande wimbi linakotikisika), kisha DSP, chipu ya kukokotoa, inafuta mtawanyiko kwa hesabu. Utafiti wake ulivuma miaka ya 1980, amplifaya za EDFA zikauzima kwa muda, ukarudi chipu zilipopata kasi. Kilomita 98 kwake si kitu.

BintiMbweni
Maalim, kwake si kitu kwa mtawanyiko, si kwa mwanga. 400ZR, moduli ya koherenti ya 400G, ya kawaida bila amplifaya imepangiwa upotevu wa desibeli 11, na huyu ana 23. Akinunua akidhani ni chomeka-utumie atalia. Tena anataka 10G, si 400.

KijanaMkoani
Samahanini, mie mgeni. Si nanomita 1310 haina mtawanyiko? Kwa nini asihamie huko?

MaalimFaiba
Swali zuri mwanangu. Karibu na 1310 mtawanyiko ni sifuri, lakini faiba inakula kama desibeli 0.35 kwa kilomita. Kwa 98 ni zaidi ya desibeli 34. Utafika gizani.

FundiChake
Nimepiga hesabu hivi, nisahihisheni. Greting ya kufidia kilomita 40, maana sihitaji kufuta yote: 1,666 toa 680, nabaki na 986. Mbele yake EDFA ndogo ya kupokelea, desibeli 15. −21 inakuwa −6, greting inashusha mpaka −9, nipo chini ya −7.

BintiMbweni
Hesabu iko sawa. Ila weka atenueta ya desibeli 3 kabla ya kipokezi. Siku mkirudishiwa njia fupi mwanga utapanda, na wewe hutakuwepo.

Yakhe_Wete
Kwa hiyo amplifaya imo. Nilisema mie.