Nyumba mpya Kibada: maji ya bafuni yanang'ata, kuta zinamwaga unga. Nianzie wapi?

BiKibada

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Naombeni ushauri, na mkinicheka mnicheke taratibu. Mimi ni mwalimu, kituo changu kilikuwa mbali, Tunduru. Nyumba nimejenga Kibada, Kigamboni, kwa miaka minne, kwa mkopo na kwa kutuma hela kidogo kidogo kwenye simu. Msimamizi alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Fundi ujenzi kamleta yeye, fundi umeme kamleta yeye. Mimi nilikuwa natumiwa picha. Kwenye picha, wakuu, kila ukuta umenyooka.

Tulihamia Februari, masika yakatukuta ndani. Siku moja mwanangu wa miaka saba akatoka bafuni na povu kichwani, akaniambia, "Mama, maji yananing'ata." Nikajua ni sabuni imemwingia machoni. Nikaingia mwenyewe, nikashika koki, mkono ukafa ganzi hadi kiwikoni. Hita ni zile za kuchemsha papo hapo maji yanapopita. Mwanzoni ukiiwasha umeme ulikuwa unakata. Fundi akaitwa, akabadilisha breka, na kweli ikaacha kukata. Nikamshukuru na hela ya soda nikampa.

Taa ya korido ukiizima haizimiki kabisa, inabaki inang'aa kwa mbali kama jicho la paka. Friji ukiigusa bila ndala inatekenya. Umeme tulionunua kwenye mita ya LUKU nao unashuka hata tukiwa safarini na kila kitu kimezimwa.

Kuta sasa. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi inavimba, ukibonyeza inapasuka na kumwaga unga mweupe, ukionja ni chumvi (ndiyo, nimeonja). Na kwenye kona ya dirisha la jikoni kuna ufa unaopanda mshazari, sarafu ya mia mbili inazama.

Shemeji anasema nyumba mpya zote zinajikalisha kidogo ardhini, nisiogope, tupige vigae ukutani hadi usawa wa kiuno yaishe. Bei milioni nne na nusu. Mimi nina tatu tu. Nianzie wapi?

Waya_Mwekundu

Dada, kabla hujasoma mstari wa pili nenda kazime breka ya hita. Kama huijui ni ipi, zima mein swichi. Watoto waoge kwa ndoo. Nasubiri.

BiKibada

Nimezima. Nimebandika na selotepu asije mtu akaiwasha.

Waya_Mwekundu

Haya. Mimi ni fundi umeme, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na hiyo breka uliyompa mtu soda ndiyo imenikera kuliko yote.

Hita za namna hiyo nyingi ni kilowati 5 na kitu. Gawanya kwa volti 230, unapata kama ampea 24 hivi. Nina hakika fundi wako kaichomeka kwenye laini ya soketi, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 20. Breka ikawa inakata, na ilikuwa na haki ya kukata. Yeye akaona breka ndiyo mkorofi, akaweka ya 40. Sasa breka imenyamaza, na kitakachopata moto ni waya, ndani ya ukuta, usiku, mmelala. Hita inataka laini yake yenyewe kutoka mein swichi, waya wa 4 au 6, breka inayolingana nao, na swichi inayokata moto na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwa pamoja.

Hiyo taa ya korido: kuna uwezekano mkubwa swichi imekata nyutro badala ya waya wa moto. Yaani ukizima, moto bado uko pale kwenye holda unasubiri mtu wa kubadilisha balbu. Usibadilishe balbu yoyote mpaka fundi apite.

Kung'atwa na maji na kutekenywa na friji ni jambo moja, ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ama haipo, ama ipo kwa jina. Nje ya nyumba, usawa wa mein swichi, kuna waya wa kijani na njano unaoingia ardhini?

Kijana wa Goba

Nianzie wapi? Anzia kwa shemeji 😂

BiKibada

@Waya_Mwekundu waya upo, umefungwa kwenye kitu kama nondo.

@Kijana wa Goba huyo ndiye atakayenisaidia kubeba jeneza siku nikifiwa, niache.

DalaliMstaafu

Mimi nitasema ukweli ambao wengine wanauficha. Piga vigae, piga rangi, uza. Ukishaanza kubomoa plasta utakuta mengine, na hayana mwisho. Kibada sasa hivi viwanja vinatafutwa.

Mzee wa Kozi

@DalaliMstaafu na mwenye kununua akija na mtoto wa miaka saba? Tuache hilo.

Bi Kibada, mimi ni mwashi. Pole. Vigae ukutani usikubali. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Leo umeishia kwenye goti kwa sababu unapata pa kutokea. Ukiuzibia kwa vigae utapanda hadi kiunoni, na kabati lako la jikoni litaota ukungu. Baada ya mwaka vigae vinaanza kulia po-po ukivigonga, kisha vinadondoka.

Nijibu matatu. Mchanga ulitoka wapi? Maji ya kuchanganyia saruji yalikuwa ya kisima cha hapo hapo? Na juu ya msingi, kabla ya kozi ya kwanza ya tofali, walitandika dipisi? Hiyo ni karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, inaonekana kama ulimi mwembamba kwenye maungio ukichungulia kwa nje.

BiKibada

Mchanga sijui, kwenye picha ni mweupe. Maji ni ya kisima cha jirani, chumvi tupu, hata chai hayafai. Ulimi mweusi sijauona, maana nje kumejazwa kifusi na juu yake pevingi. Nikipima kwa jicho, pevingi imepita usawa wa sakafu ya ndani.

Mzee wa Kozi

Basi umeshajijibu. Hata kama dipisi ipo, mmeizika. Ardhi ya nje ilitakiwa iwe chini ya dipisi kama sentimita 15. Sasa mvua ikinyesha maji yanaruka karatasi na kuingia ukutani moja kwa moja. Na kwa vile hujataja gata, nadhani hamna, maji ya bati yote yanamwagika mguuni mwa ukuta.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ujenzi ni ya jembe. Ng'oa pevingi upana wa mita moja kuzunguka nyumba, shusha kifusi, weka mteremko wa kupeleka maji mbali, funga gata hata za upande wa mvua tu. Hapo hujagusa milioni.

Baada ya hapo chimbua plasta yote iliyooza, na upite nusu mita juu ya pale unyevu ulipoishia. Acha ukuta uchi. Wiki sita, miezi miwili, utauona unatoa chumvi kama jasho, unapiga brashi kavu, unafagia, unaacha tena. Usimwagie maji. Watu wanashindwa hapa, wanaona aibu wageni kuona tofali. Ukishakauka ndipo upige plasta mpya kwa mchanga wa mto uliooshwa, maji ya bomba, na dawa ya kuzuia maji ndani yake. Kama dipisi haipo kabisa, kuna kazi ya kukata ukuta kipande kwa kipande, mita moja mita moja, na kuichomeka. Inawezekana, nimeifanya, lakini ni ya fundi mwenye subira, na si ya mwaka huu kwa hela uliyonayo.

Waya_Mwekundu

Mzee umenifungua macho. Dada, hizo waya ukutani zimepitishwa kwenye paipu au zimelazwa kwenye plasta hivi hivi?

BiKibada

Nimempigia shemeji. Anasema paipu zilipanda bei, wakaziweka kwenye dari tu. Ukutani "zimefunikwa vizuri na plasta".

Waya_Mwekundu

Ndiyo hivyo. Waya umelala kwenye plasta yenye maji ya chumvi. Ganda likichubuka kidogo tu, kwa mwiko wa mwashi au kwa msumari wa picha ya harusi, umeme unavuja ukutani, na LUKU inahesabu. Ndiyo maana inashuka mkiwa safarini. Fundi wa umeme na mwashi wako wanatibu mgonjwa mmoja.

Ukitaka kuhakikisha: chomoa kila kitu, zima taa zote, angalia kale ka-taa kadogo ka mita. Kakiendelea kupepesa, zima breka moja moja mpaka katulie. Laini iliyokatuliza ndiyo inayovuja. Ukizima mein swichi yenyewe na bado kanapepesa, hapo tatizo liko kati ya mita na mein swichi. Usiguse, waite TANESCO.

Ushauri wangu kwa milioni tatu: usichimbe ukuta mara mbili. Kwa sasa laini zinazovuja zizimwe kabisa, soketi chache za lazima zipitishwe juu ya ukuta kwa tranki za plastiki. Ni mbaya kwa macho lakini zinalaza watu salama. Siku mzee wa kozi akishachimbua plasta, ukuta ukiwa uchi, ndipo paipu zilazwe na waya upite humo. Plasta moja, gharama moja.

RCD uweke sasa hivi, ya milliampea 30. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ikikuta umepungua njiani inakata kabla moyo haujashtuka. Ina kitufe cha T, kibonyeze kila mwezi, isipokata itupe. Na fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), mwambie akuonyeshe, si akutajie. Aje na kipimo cha ethi, si bisibisi ya testa peke yake. Waya mpya ukinunua mkwangue kidogo kwa kisu. Ukiona ndani mweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha dukani.

PwaniKwetu

Salaam kutoka Mombasa. Nyongeza moja tu kwa dadangu. Huku maji ya kisima ni chumvi vilevile, na hita ya kawaida haikai. Maji ya chumvi yanapitisha stima kuliko maji ya mfereji, na ile koili iliyo wazi ndani yanaila upesi. Zipo hita zilizotengenezwa makusudi kwa maji ya chumvi, koili yake imefunikwa. Ulizia hivyo dukani. Lakini bila ethi hata hiyo usiifunge.

BiKibada

Asanteni sana. Na ule ufa? Nalala naufikiria ule kuliko umeme.

Mzee wa Kozi

Watu wengi ndivyo, kwa vile unaonekana. Wa mshazari kutoka kona ya dirisha unasema moja kati ya mawili: lenta (ile boriti ya juu ya dirisha) ni fupi, au msingi umezama upande mmoja. Karo la maji machafu liko wapi?

BiKibada

Upande huo huo wa jikoni. Hatua nne kutoka ukutani.

Mzee wa Kozi

Mh. Kama linavuja, linaosha mchanga chini ya msingi. Likaguliwe. Kwa sasa usiuzibe ufa. Chukua penseli, weka alama pale unapoishia juu na uandike tarehe. Kisha chukua vipande viwili vya kioo chembamba, chimbua plasta sehemu mbili ndogo hadi kwenye tofali, ubandike kila kimoja kukatisha ufa, kwa saruji pande zote mbili. Ukuta ukitembea, kioo kitapasuka. Kisipopasuka mpaka mvua za vuli, ufa umelala, tutaushona kwa nondo za milimita 8, kila baada ya kozi mbili, na lenta itarefushwa huku tumeegemeza miti. Kikipasuka, achana na mafundi wa mtandaoni akiwemo mimi, tafuta mhandisi aliyesajiliwa afike hapo kwa miguu yake. Jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024 lilikuwa la ghorofa, lako ni la chini, lakini udongo hauulizi.

BiKibada

MREJESHO

Wakuu, zimepita wiki mbili na ushee. Fundi mwenye leseni alikuja Jumamosi, shemeji naye nikamwita, nikapika pilau ili tusigombane.

Ile nondo ya ethi fundi aliishika kwa mkono mmoja akaivuta kama anang'oa muhogo. Ikatoka yote. Kipande cha nondo ya ujenzi ya milimita 12, hakifiki nusu mita, kimelala kwenye mchanga mkavu. Shemeji akakiangalia muda mrefu, akasema, "Shemeji, mimi nilijua ethi ni ya radi." Sikumjibu. Nikamwongezea pilau.

Breka ya hita ilikuwa ya 63, si 40. Nyuma ya soketi ya friji waya umeshaungua rangi, umekuwa kama kitumbua kilichosahaulika kikaangoni. Swichi tano kati ya tisa zilikuwa zimekata nyutro. Fomu ya kuombea umeme ina mhuri wa mkandarasi ambaye hakuna anayekumbuka kumwona Kibada.

Tumeweka fimbo mbili za shaba mpya, zimeunganishwa, fundi akapima mpaka akaridhika. RCD ipo, mwanangu ndiye mkuu wa kitufe cha T. Laini mbili zimezimwa, sebuleni tranki zimepita ukutani kama reli, na taa ya korido sasa ikizimwa inazimika. LUKU imetulia. Hela iliyotoka mpaka sasa haijafika milioni moja na laki mbili.

Shemeji ameng'oa pevingi mwenyewe, siku tatu, bila kudai. Kule nyuma ya jikoni dipisi imeonekana, ipo, ilikuwa imezikwa. Karo linafunguliwa Jumatano.

Vioo nilibandika viwili. Leo ni siku ya kumi na moja. Cha juu kizima. Cha chini nimekitazama asubuhi kwa tochi ya simu, naona kama kuna mstari, au ni vumbi. Mzee wa Kozi, nakutumia picha.