Tiketi za "Flex" za ndege za Ulaya: tunaingizwa mjini mchana kweupe

Wakuu habari zenu. Nimechukia kwelikweli so msinishangae, ila kila mtu akiuliza humu tiketi ya kwenda nyumbani anajibiwa "chukua Flex mkuu uwe salama". Salama kwa lipi?

Iko hivi, mi niko Hamburg, mdogo wangu ana sendoff Dar, nikakata tiketi mapema kama mtu mzima. Kwenye bei wanakuwekea viboksi, Light, ya katikati, na Flex. Light bei inavutia balaa ila haina begi la kupakia, ni kibegi cha mkononi basi, na nani anaenda Bongo na kibegi cha mkononi wakati mashangazi washatuma oda za viatu na mafuta ya nywele? Ukiongeza begi kwenda na kurudi ile bei tamu huioni tena. Afu kamati za shughuli zetu tunazijua, tarehe ni ya Mungu, nikavunja kibubu nikachukua Flex, ile wanayosema unabadili tarehe bila faini, karibu euro 250 juu ya Light.

Na kweli tarehe ikasogezwa, ukumbi sijui umefanyaje. Nikaingia kubadili huku natabasamu. Imeandikwa kwa kijani kabisa, ada ya mabadiliko 0.00. Nikashusha chini kidogo, kuna kamstari kembamba ka kijivu hata miwani inahangaika kukaona, tofauti ya nauli euro 340. Nikajua mtandao unazingua, nikatoka nikarudi, imepanda. Nikapiga simu huduma kwa wateja, muziki weee, anakuja kupokea dada ana sauti ya kubembeleza mtoto ananiambia mabadiliko ni bure kabisa, ninacholipia ni nauli mpya. Sasa hiyo bure ni bure gani jamani?

Kwa wasiojua mchezo unavyochezwa: kila kiti cha ekonomi kwenye mfumo wao kina herufi yake ya daraja la bei (sio ile ya namba ya kiti), ndege moja, safu moja, chakula kilekile, ila wewe na jirani yako mko herufi tofauti na bei tofauti. Zile za bei poa zinaisha mapema. Ukija kubadili karibu na safari zimebaki za juu, na Flex yako haikushikii kiti cha herufi uliyonunulia, inakufutia faini tu. Yaani nimelipa euro 250 ili nisipigwe faini, halafu nikapigwa nauli. Na hayo mabadiliko mengi lazima uyafanye kabla ndege haijaondoka, ukichelewa ukaitwa hujatokea wanafuta na tiketi ya kurudi juu kwa juu.

Afu kuna hoja naona wanaileta sana, eti Flex inakulinda ndege ikifutwa. Hapana bana! Ndege ikifutwa na wao wenyewe, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda wa Light sawasawa na wa Flex, unachagua urudishiwe hela ndani ya siku 7 au upelekwe kwa ndege nyingine, na kama kosa ni lao na hawakukwambia mapema kuna fidia inafika mpaka euro 600 kwa safari za zaidi ya kilomita 3,500. Ukiondokea nchi za Umoja huo inakuhusu shirika lolote lile, ukitokea Dar kwenda huko inakuhusu kama shirika ni la huko. Hiyo hununui, ni haki yako. Kwahiyo ukiona wanakuuzia "amani ya moyo" ujue nusu ya hiyo amani ulikuwa nayo tayari.

Flex ina maana kwa mtu mmoja tu, yule anayeona kabisa safari inaweza kufa yote na anataka hela irudi, na hapo usome kama imeandikwa inarudishwa au inabadilishwa tu maana ile ya katikati nyingi zinabadilishwa ila hela hairudi. Kama ni tarehe tu ndo inacheza, bora hata ukae na hela yako mfukoni ununue tiketi tarehe ikishatulia.

Na msidhani wa Light kapona. Shemeji yangu yuko London, alikata Light shirika hilohilo, mtoto akaumwa hakusafiri. Wakamwambia hairudishwi hata senti. Uongo! Uingereza kuna ile kodi ya abiria wa ndege, kwa ekonomi kuja kwetu ilikuwa pauni 90 kuanzia Aprili 2025, na shirika hudaiwa na serikali pale tu abiria anapopaa. Hakupaa. Sasa hizo 90 wanakaa nazo kama nani?

Na atakayekuja kuniambia "ungesoma vigezo na masharti", nimevisoma vyote mzee, ndo vimenipandisha presha zaidi.

Ninachoomba, kuna mtu ashawahi kudai hiyo kodi akalipwa? Alipita wapi? Fomu yao ya mtandaoni shemeji akibonyeza tuma inamrudisha mwanzo, kwenye picha ya familia ya wazungu wanacheka ufukweni. Na wengine wanakata ada ya kushughulikia maombi, kwahiyo kama unajua njia ya kuikwepa hiyo nayo, weka hapa chini.