Naomba ushauri, kijana wangu wa Gredi 9 amenyamaza kabisa
Habarini wazazi wenzangu. Niko Kayole, Nairobi, kijana wangu yuko Gredi 9, mwaka huu ni KJSEA, ule mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, alafu aende sekondari ya juu, na huko lazima achague mkondo wa masomo. Yeye anataka mkondo wa Sanaa na Michezo, anachora vizuri kweli, lakini babake anasema ni STEM tu, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, na wakianza hiyo maneno nyumba inakuwa moto. Sasa mtoto akitoka shule anaingia kulala bila hata chai, na hiyo ndo inaniuma sana juu hakuwa hivyo. Mwalimu wa darasa ameniambia nisubiri matokeo. Mimi nafulia watu nguo mtaa wa Umoja, narudi usiku. Nianze kuongea na nani, babake ama mtoto? Mwenye amepitia hii tafadhali aniambie alifanyaje.