Wakuu, hili neno "get" mnaliwezaje?

Mapokezi_Moshi: Habari za jioni wakuu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli hapa Moshi, wageni wengi ni wa kupanda Kilimanjaro. Kiingereza cha shule ninacho, kinachonitoa jasho ni "get". Nilifundishwa ni kupata, basi. Sasa huyu anauliza "When do we get to the gate?", yule "Does it get cold up there?", mwingine "Can you get me a taxi?" Kupata kuko wapi hapo? Naomba ushauri.

Mwalimu Mstaafu: Mdogo wangu, usikariri maana, tazama kinachofuata. Kikifuata kitu, ni kupata, kununua au kuleta. Ikifuata sifa, ni kuwa au kugeuka: "get tired", kuchoka. Pakifuata mahali, ni kufika. Halafu kuna kutendwa: "get paid", kulipwa, "get robbed", kuibiwa.

Shangazi wa Tanga: Jamani, na sisi si tuna "piga"? Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, kura, chafya, na haumii mtu. Mzungu anayejifunza Kiswahili naye analia hivyohivyo.

Dogo_Fundi: Mwalimu kasema kweli ila nusu. "Get over" (kupona au kusahau jambo), "get by" (kujikimu), "get along" (kuelewana) hazina kanuni, unazimeza moja moja. Anza na za kazini kwako: "get in", kuingia kwenye gari, "get off", kushuka basi. Na mgeni akisema "I'll get back to you" atakujibu baadaye, usimsubiri kaunta.

Mapokezi_Moshi: Asanteni, Shangazi umenichekesha. "We've got to go" na "we get to go" je, si kitu kimoja?

Mwalimu Mstaafu: Hata kidogo! La kwanza ni lazima, inatubidi twende. La pili ni bahati, tutapata kwenda. Mgeni akikwambia "tomorrow we get to see elephants" ana furaha, usimpe pole. Tena Mmarekani akisema "I've gotten a ticket" ameshaipata tiketi. Mwingereza hapo atasema "got". Usimsahihishe yeyote.

Mapokezi_Moshi: Na yule anayeniambia "Get out!" huku anacheka?

Dogo_Fundi: Huyo haamini anachosikia, ni kama "acha utani!" Asipocheka, toka.