Ripita inaanza na wati 50 halafu inashuka mpaka 20, tatizo liko wapi?

mawimbi_juu: Wakuu naombeni msaada, ripita yetu (mtambo unaopokea mawasiliano ya redio na kuyarusha upya) ya bendi ya mita 2 ikianza kurusha inatoa wati 50 vizuri tu, mtu akiongea kidogo zinashuka mpaka 20, napima kabla ya dupleksa (kichujio kinachowezesha kurusha na kupokea kwa antena moja), wa mbali wanasikia mikwaruzo halafu wanapotea kabisa. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka antena, 1 ndo bora) ni 1.3, feni inazunguka. Nahisi redio ndo inakufa, tununue nyingine au?

fundi_koaksi: Usinunue kitu. Volti umepima ikiwa inarusha au imekaa kimya? Ikikaa kimya hata betri mbovu inaweza kukupa volti safi

mawimbi_juu: Kimya ni 13.7. Nimepima tena ikirusha, kwenye pawa saplai 13.6 ila nyuma ya redio 10.9 😳

fundi_koaksi: Basi redio haina kosa mkuu. Volti 2.7 zinapotelea njiani, na kama inavuta ampea 10 hivi hizo ni wati 27 zinageuka joto mahali fulani. Ncha moja ya mita ya volti iweke kwenye chanya ya saplai, nyingine chanya ya redio, mtu abonyeze PTT (kitufe cha kurushia), halafu sogeza kipande kwa kipande, penye volti kuruka ndo hapo. Hasi nayo upime, wengi wanaisahau

bibi_antena: Mi ningeanza na kishikilia fyuzi. Zima, kiguse

mawimbi_juu: Bibi umepiga palepale!! Cha moto balaa, plastiki imekuwa kahawia, fyuzi nzima ila vibano vimelegea na vimeota kijani, peke yake kinakula volti 2.3

bibi_antena: Kitupe, usikisugue. Na hiyo SWR ya kupimwa chini siiamini, koaksi (waya wa kwenda antena) ikinywa maji inakula nguvu ikipanda na inakula tena ikirudi, mita inaona kidogo kinachorudi inakusifia. Mkipanda mnara chomoeni antena kule juu mpime na wati chache tu, koaksi ikiwa nzima SWR itaruka vibaya, ikibaki 2 au 3 nusu ya nguvu au zaidi inafia ndani ya waya

mawimbi_juu: Nimefunga kipya na waya mnene, redio inapata 13.2 na wati 50 hazishuki tena. Koaksi tutaicheki tukipanda, asanteni