Naomba ushauri: nikiondoa mchango wa upepo, msukosuko unakuwa hasi

Wakuu, habari za leo. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu msukosuko wa hewa kilomita 80 hadi 90 juu ya Andøya, kaskazini mwa Norwei, kwa data za rada ya megahezi 53.5. Natumia miangwi ya kiangazi, majira ambayo kule juu ndiyo kunakuwa na baridi kali zaidi (nikiwaambia watu nyumbani wanadhani natania).

Njia yangu ni upana wa spektra, yaani jinsi masafa ya mwangwi yanavyotawanyika: hewa ikivurugika, mwangwi unatanuka. Shida ni kwamba upepo unaokatiza mwali wa rada nao unautanua, hata hewa ikiwa imetulia. Nimechukua kasi ya upepo kutoka rada ya vimondo (inayopima upepo kwa kufuatilia mikia ya vimondo), nikakokotoa mchango wake na kuutoa. Karibu theluthi ya vipimo imebaki hasi! Nimejaribu mwali wa wima peke yake, kisha saa zenye upepo mdogo tu. Hasi zimepungua, hazijaisha.

Sasa hizo hasi nizitupe, au niziingize kwenye wastani? Nimeshauriwa kuzitupa, ila nikifanya hivyo wastani unapanda, na kwangu huo ni sawa na kupima samaki wakubwa tu.

La pili: mawimbi ya graviti (hewa inayopanda na kushuka, ikirudishwa na uzito wake) yenye kipindi cha dakika 5 hadi 10 nayatengaje na msukosuko? Nikikata data vipande vya sekunde 30, matokeo yanayumba sana; vya dakika 2 upana unakua. Aliyewahi kushika data za namna hii alichagua muda gani?