Tenda bila ushindani: bora kazi ifanyike, ama tunauzwa?

Wadau, hili la matajiri na wanasiasa tulijadili leo bila kutajiana makabila. Kuna wanaosema ati kila serikali duniani ina matajiri wake, kwahivo rafiki ya wakubwa akipewa kazi si hoja, bora kazi ifanyike. Mie nakataa.

Tuanzie hapa kwetu Mombasa. Agosti 2019 ilitoka amri kontena za mzigo unaoingia bandarini zipande SGR (ile reli mpya) moja kwa moja zikakaguliwe Nairobi, madereva wa lori, watu wa kliaringi, wenye yadi, mama wa chai na chapati kule Changamwe, wote wakajikuta hawana kazi, watu wakaandamana mpaka wakachoka. Sasa hapo nani alipokea bahasha? Pengine hakuna hata mmoja. Reli ina mkopo wa China wa kulipwa, kwahivo mzigo ulitakikana kwa nguvu, basi Mombasa ikalipishwa. Na mikataba yenyewe ya hiyo reli tulinyimwa mpaka watu wakaenda kortini, Mei 2022 Mahakama Kuu hapahapa Mombasa ikaamuru itolewe. Septemba mwaka huohuo rais mpya, Ruto, akaapishwa, akarudisha ukaguzi bandarini kwa tamko, tukapiga vigelegele. Tamko lilichukua, tamko likarudisha, na la kesho je?

Adani, kampuni ya India, ndo hivohivo. Ilitaka kuendesha JKIA, eapoti kuu ya Nairobi, miaka 30 bila tenda ya wazi, maana sheria ya PPP (ubia wa serikali na kampuni binafsi) ya 2021 yaruhusu kampuni ijipeleke yenyewe na pendekezo lake. Yaani mlango ni halali kabisa, bunge ndo lilifungua! Twajua kwa sababu siri ilivuja 2024, Septemba wafanyakazi wakagoma. Novemba Marekani ikamshtaki Gautam Adani kwa madai ya kuhonga maafisa wa India (kampuni yake ilikana), kesho yake Ruto akafuta mpango mbele ya bunge na waheshimiwa wakashangilia. Bila hayo mashtaka ya New York sijui ingekuaje, wallahi.

Katiba kifungu cha 227 chataka manunuzi ya serikali yawe ya wazi na ya ushindani. Mie naona hayo mapendekezo ya kujipeleka yabandikwe hadharani siku yanapofika ofisini, kabla ya sahihi yoyote. Na nyie mnaosema wawekezaji watakimbia, hebu mtajeni mmoja aliekimbia kwa sababu alitakiwa kushindana.